Shamm en-Nessim katika Bustani ya Wanyama ya Giza

Bustani ya wanyama ya Giza, iliyoko ukingo wa magharibi wa mto Nile mkabala na jiji la Kairo, ilifunguliwa mwaka 1891 wakati wa utawala wa Khedive Tewfik (Khedive kilikuwa cheo cha watawala wa Misri waliokuwa bado chini ya Sultani wa Kituruki kwa jina), na imo miongoni mwa bustani kongwe za aina hiyo barani Afrika. Historia yake kwa kawaida husimuliwa kupitia watawala waliotoa ardhi na wataalamu wa Kizungu walioisimamia, kwa kuwa hao ndio walioacha kumbukumbu nyingi za maandishi. Lakini simulizi la namna hiyo halielezi kwa nini siku chache za mwaka bustani hiyo imekuwa ikifurika familia nzima nzima, babu hadi kitukuu, kiasi cha majani kutoonekana chini ya mikeka. Anayetaka kulielewa jambo hilo hana budi kuanza na sikukuu, ambayo umri wake unaupita ule wa bustani kwa mbali sana.

Sikukuu inayohusika ni Shamm en-Nessim, yaani siku ya kunusa upepo mwanana, ambayo huangukia Jumatatu inayofuata Pasaka ya Wakopti, Wakristo wa asili wa Misri, ingawa huadhimishwa na Waislamu na Wakristo bila kubaguana, na asili yake huhusishwa na sherehe za majira ya kuchipua za enzi za mafarao. Mwingereza Edward Lane, aliyeishi Kairo na kuchapisha mwaka 1836 kitabu mashuhuri kuhusu mila za Wamisri, alieleza kwamba alfajiri ya siku hiyo watu wengi, hasa wanawake, walivunja kitunguu na kukinusa, kisha kabla ya adhuhuri wakazi wa mji wakatoka kwa miguu, kwa wanyama wa kupanda au kwa mashua, wengi wakielekea kaskazini, ili kwenda kupunga upepo mashambani. Wakati Lane anaandika hayo, Giza haikuwa na tembo wala twiga wa kutazamwa. Mambo yote ya msingi, yaani kutoka nje ya mji, kutoka na jamaa wote, na kula huko huko, yalikuwa yamekwisha kutimia miaka zaidi ya hamsini kabla ya lango la bustani kufunguliwa.

Chakula cha siku hiyo kinastahili maelezo ya pekee, kwa sababu ndicho kilichoamua sura ya matembezi yenyewe. Kitoweo kikuu ni fesikh, samaki wa jamii ya mkizi ambaye huachwa kwanza avunde kidogo ndipo afukiwe katika chumvi kwa wiki kadhaa, na ambaye hufanana na ng'onda wa pwani ya Afrika Mashariki kwa chumvi tu, kwa kuwa nyama yake hubaki laini na harufu yake haifichiki. Huliwa pamoja na mkate, vitunguu vya majani na saladi, huku watoto wakigombania mayai ya kuchemsha yaliyotiwa rangi, ambayo katika nyumba nyingi hupakwa wekundu wa maganda ya vitunguu. Wizara ya afya hutoa onyo karibu kila mwaka, na ina sababu: mwaka 1991 fesikh iliyotengenezwa vibaya ilisababisha botulizimu, sumu ya bakteria inayopoozesha misuli, na watu 18 walifariki. Onyo hilo husikilizwa kwa heshima, na samaki hununuliwa vilevile. Mlo wenye harufu kama hiyo haufai kuandaliwa ndani ya nyumba za ghorofa zilizobanana, na hivyo kula nje lilikuwa hitaji la pua pamoja na kuwa desturi.

Ardhi ambayo hatimaye iliupokea mlo huo ilitayarishwa kwa ajili ya watu wengine kabisa. Khedive Ismail, aliyetawala kuanzia mwaka 1863, alijijengea Giza kasri na bustani, akaagiza miti na mimea kutoka India, Afrika na Amerika ya Kusini, akatengenezewa vilima vya kuundwa vyenye mapango, njia zilizonakshiwa kwa vijiwe vya rangi, na daraja la kuning'inia ambalo sifa zake hupewa Gustave Eiffel, mhandisi ambaye baadaye mnara wa Paris uliitwa kwa jina lake. Anasa hizo zilikuwa sehemu ndogo ya madeni yaliyomwangusha Ismail mwaka 1879. Serikali iliyorithi majumba yake ilijikuta na nafasi kubwa isiyo na mwenyewe: kasri la Giza likahifadhi vitu vya kale vya mafarao hadi mwaka 1902, makumbusho yalipohamishiwa katikati ya Kairo, na sehemu ya bustani, kiasi cha feddani 80, kipimo cha Kimisri kinachokaribia ekari moja, ikawekewa vizimba. Kwa maneno mengine, umma wa Kairo ulipewa uwanja wa kifalme ambao haukukusudiwa kwa ajili yake, na ukaujaza kwa haraka ambayo hakuna mkurugenzi aliyeitarajia.

Mkurugenzi aliyeacha alama kubwa kuliko wote alikuwa Stanley Flower, mwanajeshi na mtaalamu wa wanyama aliyeiongoza bustani tangu mwaka 1898 hadi 1924, na ambaye baba yake alikuwa mkurugenzi wa makumbusho ya viumbe ya London. Flower aliipenda bustani kama mahali pa elimu. Aliweka kumbukumbu makini za umri wa wanyama waliofugwa na baadaye akaandika tafiti kuhusu muda wa maisha ya wanyama wenye uti wa mgongo. Elimu hiyo haikuwa ndiyo iliyowavuta wenye mikeka. Kadiri njia za tramu na madaraja ya Nile zilivyoongezeka mwanzoni mwa karne ya 20, ndivyo safari ya familia ya fundi au karani kutoka mitaa ya kale ya Kairo ilivyozidi kuwa nyepesi, na matembezi ambayo hapo awali yalihitaji punda au mashua yakawa ya nauli ndogo.

Siku ya sikukuu ilikuwa na utaratibu wake usioandikwa, na kwa kiasi kikubwa ulidumu hadi bustani ilipofungwa kwa ukarabati mwaka 2023. Familia zilifika mapema ili kuwahi kivuli, hasa chini ya mti wa jamii ya mfikusi ulioteremsha mizizi yake kutoka matawini hadi ardhini na uliopandwa zama za Ismail. Mwanamke mkubwa wa familia alibaki mkekani akilinda sufuria, na watoto walitumwa kwa zamu kwenda kutazama wanyama pamoja na mjomba au kaka. Kiboko, ambaye Wamisri humwita Sayyid Qishta kama mtu wa mtaani mwenye jina lake, alikusanya umati mkubwa kuliko simba. Watumishi wa vizimba, ambao mishahara yao ilikuwa midogo, waliuza vipande vya karoti na majani ya kulishia wanyama na walipokea bakshishi, desturi iliyolaumiwa na wakaguzi wengi lakini ambayo kwa mtoto ilikuwa ndiyo kilele cha siku. Wenye uwezo zaidi walikaa Kisiwa cha Chai, mkahawa uliozungukwa na maji yenye bata, na kuagiza vinywaji. Wengine walichemsha vyao. Mtu angeweza kukaa humo tangu asubuhi hadi magharibi bila kumwona mnyama hata mmoja, na asione kwamba amepoteza kiingilio chake.

Umati kama huo ulifika pia Idi mbili za Waislamu, lakini Shamm en-Nessim ina hali yake ya pekee, kwani tarehe yake hubaki ndani ya majira ya kuchipua na ile ya Ramadhani huzunguka mwaka mzima kwa kufuata mwezi, hivyo kuna miaka, kama 2021, 2022 na 2023, ambapo sikukuu ya kula nje iliangukia ndani ya mfungo.

Kiingilio kilibaki cha chini mno kwa miongo mingi chini ya wizara ya kilimo, na Kairo, ambayo pamoja na vitongoji vyake ilikwisha kupita watu milioni 20, ilizidi kukosa majani ya kukalia. Bei hiyo hiyo iliyowafungulia maskini lango iliwanyima wanyama matunzo: mwaka 2004 bustani ilipoteza uanachama wake katika shirikisho la dunia la bustani za wanyama, na mwaka 2006 homa ya mafua ya ndege ililazimisha ifungwe kwa muda. Ilipofungwa tena mwaka 2023 kwa ukarabati mkubwa, mjadala uliozuka ulihusu miti ya kale na bei ya kuingia zaidi ya simba. Wenye mikeka walitawanyika kwenye kingo za Nile na madaraja yake, na wengine wakapanda mashua kuelekea al-Qanatir, kwenye bustani za bwawa la mlango wa Delta, upande wa kaskazini.