Fanusi mkononi, lango limefungwa

Samahanini kwa kimya, zamu za usiku zimenimaliza. Leo nawaletea historia kidogo ya mji huu, maana kuna jambo limenikaa moyoni.

Maskati ya zamani ni mji mdogo: milima nyuma, bahari mbele, na ngome mbili za Wareno, Jalali na Mirani, zimeilinda bandari huku na huku. Upande wa bara kuna ukuta wenye malango. Hadi mwaka 1970, muda wa saa tatu baada ya magharibi, malango yalifungwa. Aliyetaka kutembea mjini baada ya hapo ilimbidi abebe fanusi. Tochi haikukubaliwa. Nadhani naelewa kwa nini: tochi humulika wa mbele, mwenyewe akabaki gizani. Fanusi huonyesha uso wa aliyeishika.

Desturi hiyo ya zamani iliendelezwa na Sultani Said bin Taimur, aliyetawala tangu 1932. Mwaka 1958 alihamia Salalah, asirudi tena Maskati. Mwaka 1966 askari wake mwenyewe walijaribu kumuua, akazidi kujificha. Mwanawe, Qaboos, alipomwondoa tarehe 23 Julai 1970, nchi nzima ilikuwa na kilomita 10 hivi za lami na skuli tatu.

Simcheki kwa kuogopa. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Hofu ni silika: moyo hukimbia kabla akili haijauliza kuna nini. Kosa ni hofu ya mtu mmoja kugeuzwa kanuni ya watu wote, na kanuni ikabaki hata sababu yake ikisahauliwa.

Baada ya 1970 walikuja huku Waomani wengi wa Zanzibar, wakiwemo waliokimbia mapinduzi ya Januari 1964. Ndiyo maana wodini nasikia Kiswahili. Juzi tulimlaza bibi mmoja mzaliwa wa Unguja. Usiku, muda wa kutazama wagonjwa umekwisha, binti yake akanishika mkono: "Sista, niache nilale naye. Mama anaogopa giza."

Nikamwambia kanuni hairuhusu. Akaondoka kimya. Bibi aliita jina la mwanawe mpaka alfajiri. Nilikuwa na wagonjwa wengine, nikawa namshika mkono dakika mbili, nakwenda, narudi. Hapo ndipo nilipoujua mlango wa mji: bawabu ni mimi.

Kanuni yetu si ya kijinga. Wagonjwa wanahitaji usingizi, na wageni wengi huleta maradhi. Lakini hata Maskati ya malango ilimpa mwenye fanusi nafasi ya kupita. Nimemwomba mkuu wa wodi tuwaruhusu ndugu wa wazee wenye hofu, mmoja mmoja, kwa kuandikisha jina. Bado hajanijibu. Nitamuuliza tena Jumapili.

Mama, ulipolazwa mwaka jana nami nikakosa ruhusa ya kuja, nani alilala nawe? Sijawahi kuuliza. Niambie.

Wasalaam,
Nesi wenu wa Maskati