Vishikwambi vya shule: nani atavitunza?

Mpango wa elimu ya kidijitali ulioahidiwa mwaka 2013 ulianza kufikisha vifaa shuleni mwaka 2016. Serikali ilishirikisha Chuo Kikuu cha Moi na kampuni ya JP SA Couto ya Ureno, na JKUAT pamoja na Positivo BGH. Shule za msingi za umma zilipangiwa vishikwambi vya darasa la kwanza, tarakilishi mbili za walimu na projekta.

Shule moja hapa Pwani niliyoitembelea, vishikwambi vimefungiwa stoo, betri zimekufa. Naona mkataba usiishie kwenye kukabidhi vifaa; utaje pia fundi ni nani, na umeme na intaneti vitalipiwa na nani. Wazazi wenzangu, tuulize mkutanoni: vyetu viko wapi?