Vitabu vya Hadithi na Umri wa Wasomaji

Wako wazazi wengi, tena watu wema, ambao wakimkuta mtoto ameinamia kitabu cha hadithi humwambia, "Weka hicho, shika kitabu cha maana." Hawana nia mbaya. Wadhani kwamba hadithi ni maneno ya kubuni, na maneno ya kubuni ni ndugu wa uongo; tena, hata kama hadithi ina faida, basi ni ya watoto, haimfai mtu mzima. Walakini sisi walimu twaona hasara yake. Mtoto hujifunza kusoma vizuri, humaliza shule, hurudi nyumbani, na huko hapati kitabu cha kumvuta. Baada ya miaka michache, barua ikija, hutafuta mtu wa kumsomea. Elimu iliyopatikana kwa jasho la wazazi imekufa kama mche usiotiwa maji.

Hadithi si uongo. Mwongo huficha kwamba asema uongo, lakini bibi anayesema "Paukwa!" akajibiwa "Pakawa!" hamdanganyi mtu. Hata nabii Nathani, alipotaka kumwonya mfalme Daudi, alimsimulia habari za maskini na mwana-kondoo wake, na mfalme akajihukumu mwenyewe pasipo kujua. Basi yafaa tutazame vitabu vya hadithi vya lugha yetu vilitoka wapi, na viliandikwa kwa ajili ya nani, ili tujue kuchagua.

Kitabu cha kwanza tukitazame kile cha Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864, na baadaye akawa askofu. Aliandika hadithi alizosimuliwa na wenyeji wa Unguja, akazipiga chapa London mwaka 1870. Ndani yake mna kisa cha punda wa dobi. Kima alifanya urafiki na papa, akapanda mgongoni mwake kwenda kutembea. Walipokuwa katikati ya bahari papa akamwambia kwamba sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akajibu kwamba moyo wake ameuacha mtini. Papa akamrudisha pwani, naye akapona. Papa alipomwita tena, kima akamsimulia habari za punda aliyeponea chupuchupu makuchani mwa simba, kisha akashawishiwa kurudi kwa simba yule yule, akafa. Punda yule, alisema kima, hakuwa na moyo wala masikio.

Watoto hucheka sana. Lakini fahamuni kwamba kisa hiki hakikuanza Unguja. Kimo katika kitabu cha kale cha Bara Hindi kiitwacho Panchatantra, ambacho chasema kiliandikwa ili kuwafundisha wana wa mfalme jinsi ya kutawala. Katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa alikitia katika Kiarabu kwa jina la Kalila wa Dimna. Kule Bara Hindi adui wa kima ni mamba. Katika Kiarabu ni kobe. Kwetu pwani amekuwa papa, maana kila nchi humvika mgeni nguo zake. Basi hadithi hii, tunayoiita ya watoto, ilikuwa kwanza shule ya wafalme. Mtoto hufurahi kwa werevu wa kima. Mtu mzima hukumbuka ni mara ngapi yeye mwenyewe amerudi kwa simba.

Baadaye zikaja tafsiri. Katika miaka ya 1920 na 1930 Frederick Johnson, aliyekuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoanzishwa mwaka 1930, alitia hadithi kadhaa za Kiingereza katika Kiswahili. Mojawapo ni Kisiwa Chenye Hazina, cha Robert Louis Stevenson. Mwandishi huyu aliianza hadithi hiyo mwaka 1881 huko Braemar, Scotland, kwa ajili ya mtoto wa mkewe, baada ya kuchora ramani ya kisiwa cha kubuni. Lakini baba yake Stevenson, mzee mtu mzima, alisikiliza naye akanaswa, hata akaandika mwenyewe orodha ya vitu vilivyokuwa katika sanduku la baharia mmojawapo. Kitabu kilichopikwa kwa ajili ya mtoto kikamshibisha babu.

Safari za Gulliver zilikwenda njia ya pili. Jonathan Swift, kasisi wa Dublin, alizitoa mwaka 1726 ili kuwakejeli wakubwa wa nchi na kiburi cha wanadamu. Watoto hawakujali siasa zile. Walipenda nchi ya watu wadogo kama kidole na nchi ya majitu, wakakifanya kitabu kuwa chao.

Si kwamba kila kitabu kinachovuta chapasa kumezwa bila kutafuna. Mashimo ya Mfalme Sulemani, cha Rider Haggard, kilichotafsiriwa mwaka 1929, kina safari na hatari za kumfanya kijana asahau chakula. Walakini kimeitazama Afrika kwa macho ya Mwingereza wa mwaka 1885. Simwambii kijana asikisome, namwambia akisome, kisha amwulize mzazi wake, "Je, sisi ndivyo tulivyo?" Swali hilo litamfaa kuliko katazo.

Jibu lilianza kutolewa na waandishi wetu wenyewe. Mwaka 1934 kilitoka Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, ambaye wazee wake walikuwa katika watu waliokombolewa na kukaa Frere Town, Mombasa. Kisha akaja Shaaban Robert wa Tanga. Katika Kusadikika, kilichotolewa mwaka 1951, alibuni nchi iliyo angani, na mshitakiwa Karama asimamaye barazani akisimulia habari za wajumbe sita waliosafiri kuitafutia nchi yao mema, na waliporudi wakatiwa kifungoni. Nchi hiyo haimo katika ramani, lakini nani hajapata kuona mtu akilipwa ubaya kwa wema wake?

Wengine hudharau hadithi za upelelezi. Na wamsome Muhammed Said Abdulla wa Unguja, ambaye Mzimu wa Watu wa Kale kilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya mwaka 1957 na 1958, kikachapwa mwaka 1960. Bwana Msa wake, na kiko chake mdomoni, hamkubali mzimu kuwa muuaji mpaka apate ushahidi. Kijana akimfuata ukurasa kwa ukurasa hujifunza kupima maneno ya watu kabla ya kuyaamini, nayo ni elimu inayotakiwa sana vijijini.

Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, na mwaka uliofuata kitabu chake kimoja kilitokea katika Kiswahili kwa jina la Peponi, kwa kazi ya Ida Hadjivayanis. Shujaa wake ni Yusufu, mtoto wa miaka 12 aliyetolewa na baba yake ili kulipa deni. Ni habari za mtoto, walakini chakula chake ni cha watu wazima. Basi wala umri wa shujaa hautuonyeshi umri wa msomaji.

Tuchagueje, basi? Tusitazame picha, wala unene wa kitabu, wala kama ni cha wanyama, cha maharamia au cha wapelelezi. Tutazame mambo matatu. Je, chaweza kusomwa mara ya pili, hata baada ya kuujua mwisho wake? Je, watu wake ni watu kweli, yaani mwovu ana sababu zake na mwema ana udhaifu wake? Je, chamwachia msomaji kazi ya kuhukumu mwenyewe? Kikiwa na hayo, kina faida, hata kama kimeandikiwa mtoto wa miaka saba.

Na ninyi wazazi, jioni mwambieni mtoto ajuaye kusoma asome kwa sauti, na babu na bibi wakae wasikilize. Yeye atawapa maneno ya kitabu. Ninyi mtampa maana aliyoikosa kwa uchanga wake. Hivyo kitabu kimoja kitalisha nyumba nzima, na mtoto hatasahau kusoma, kwa kuwa kila jioni watu watamngoja.