Mtunga muziki aliyekataa kuitwa mwisho

Kwa kawaida mtunga muziki wa sinema huitwa siku za mwisho. Picha zimekwisha kupigwa, zimekatwa na kuunganishwa, na fedha zinakaribia kwisha. Ndipo anapoambiwa: Tupatie dakika mbili hapa, watu walie, na dakika moja pale, waogope. Kazi yake ni kama ya mpaka rangi, maana nyumba imekwisha kusimama bila yeye. Philip Glass wa Marekani aliikataa desturi hiyo, na sehemu kubwa ya kazi yake njema imetoka katika kukataa huko.

Alizaliwa Baltimore tarehe 31 Januari 1937. Baba yake, Ben Glass, alikuwa na duka la kutengeneza redio na kuuza sahani za santuri. Sahani zilizokosa wanunuzi alizichukua nyumbani jioni, akazisikiliza ili ajue kasoro yao ni nini. Lakini kadiri alivyozisikiliza ndivyo alivyozidi kuzipenda. Na hivi watoto wake wakakua wakisikia muziki wa Bartók, Schoenberg na Shostakovich, yaani bidhaa ile iliyolala dukani! Na mtoto Philip, aliyewaona watu wakitoa fedha na kupewa muziki, hakuona aibu yoyote katika biashara hiyo.

Akiwa na miaka 15 aliingia Chuo Kikuu cha Chicago, kisha akasoma muziki katika chuo cha Juilliard, New York. Mwaka wa 1964 akaenda Paris kwa Nadia Boulanger, mama Mkatoliki mwenye ibada na mwalimu mkali kupita wote. Mama huyo alimrudisha mwanafunzi wake, mtu mzima mwenye shahada, kwenye masomo ya mwanzo kabisa ya kupanga sauti juu ya sauti. Hukohuko Paris Glass akapata kibarua cha kuandika muziki wa Ravi Shankar wa India kwa ajili ya filamu moja, ili wapigaji wa Ufaransa waweze kuusoma. Kwa kazi hiyo akaona namna nyingine ya kujenga muziki: kuongeza pigo moja moja katika duara linalorudi. Tangu hapo muziki wake ni vipande vifupi vinavyorudiwarudiwa, vikibadilika kidogo kidogo. Asiyetega sikio husema ni kitu kilekile tu.

Aliporudi New York mwaka wa 1967, muziki huo haukumpa mkate. Alibeba samani za watu, akafunga mabomba ya maji, akaendesha teksi usiku. Mwezi wa Novemba 1976 mchezo wake wa kuimbwa, Einstein on the Beach, aliouunda pamoja na Robert Wilson, ulionyeshwa katika jumba kubwa la Metropolitan Opera, nalo likajaa watu. Ukaacha deni kubwa, na Glass akarudi kwenye teksi yake. Siku nyingine alikuwa akifunga mashine ya kuoshea vyombo katika nyumba ya Robert Hughes, mwandishi wa mambo ya sanaa wa gazeti la Time. Hughes alimtambua, akashangaa kumwona msanii amepiga magoti jikoni mwake. Glass akamjibu kwamba yeye ni fundi bomba pia, na sasa aachwe amalize kazi. Alikuwa na miaka 41 alipoacha vibarua hivyo. Wengine husimulia miaka hiyo kama msiba. Mimi sioni hivyo, kwa sababu mtu aliyewalisha watoto wake kwa bomba na teksi angeweza kumwambia tajiri yeyote wa sinema: Hapana.

Neno hilo alimwambia pia Godfrey Reggio. Huyu alikuwa ameishi miaka 14 katika shirika la mabruda wa Kikatoliki, tangu utoto hata utu uzima, na huko Santa Fe aliwahudumia vijana wa magenge ya mitaani. Sasa alitaka kutengeneza filamu isiyo na wachezaji wala maneno ya kusemwa, na akamtaka Glass. Glass akajibu kwamba yeye hatungi muziki wa sinema. Reggio hakwenda zake, bali aliunganisha baadhi ya picha zake na muziki wa Glass uliokwisha kurekodiwa, akamwonyesha. Hapo Glass akakubali. Filamu hiyo, Koyaanisqatsi, ilitoka mwaka wa 1982. Neno hilo la Wahopi maana yake ni maisha yaliyopoteza mizani. Mahali pengine muziki ulifuata picha, na mahali pengine picha zilikatwa zifuate muziki.

Katika filamu ya pili, Powaqqatsi, ya mwaka 1988, walikwenda mbele zaidi. Inaanza katika machimbo ya dhahabu ya Serra Pelada, Brazil: wanaume wengi waliojaa tope wanapanda wakiwa na mifuko ya udongo mabegani. Glass aliutunga mapema muziki wa matarumbeta na ngoma, na mpiga picha akausikiliza hukohuko shimoni akifanya kazi. Baadaye ziliongezwa sauti za watoto. Ukizisikia juu ya mabega yale hutazisahau upesi.

Kwa wacheza dansi mambo yalikuwa mepesi zaidi, maana wao huhitaji muziki kabla ya kuinua mguu. Mwaka wa 1979 alifanya kazi na Lucinda Childs katika Dance: Sol LeWitt aliwapiga picha wachezaji, na filamu hiyo ikaonyeshwa juu ya kitambaa chepesi mbele ya jukwaa, hata watu hai na vivuli vyao wakacheza pamoja. Mwaka wa 1986 alimtungia Twyla Tharp In the Upper Room, na ndani yake wengine huvaa viatu vya michezo.

Televisheni pia ilimwita: mwaka 1979 kwa picha za miduara katika kipindi cha watoto cha Sesame Street, na mwaka 2020 kwa Tales from the Loop, pamoja na Paul Leonard-Morgan. Kwa Kundun, ya mwaka 1997, alimpelekea Martin Scorsese muziki wakati picha zingali zikipigwa Moroko. Mara tatu jina lake liliwekwa katika orodha ya kushindania tuzo ya Oscar, asishinde hata mara moja. Tuzo ya Golden Globe aliipata kwa The Truman Show ya mwaka 1998, akigawana na Burkhard Dallwitz. Na baadhi ya muziki wa Glass uliomo ulikuwa wa zamani, hata wa Powaqqatsi yenyewe.

Reggio hakutafuta mtungaji mwingine. Mwaka wa 2022, miaka 40 baada ya Koyaanisqatsi, yeye mwenye miaka 82 na Glass mwenye 85 walionyesha huko Santa Fe filamu mpya, Once Within a Time, isiyofika saa moja. Na ndani yake yumo hata Mike Tyson, yule bingwa wa ngumi.