Kabla Ununue Saundiba, Uliza Sauti Iliingiaje Nyumbani

Wasee wa Kisii na Nyamira, kuna swali moja linajirudia kwenye inbox yangu: "Ninunue saundiba gani?" Ukimuuliza mtu anataka iwe aje, tisa kati ya kumi hujibu kwa neno moja: besi. Ati igonge. Ati jirani ajue kuna mtu ameomoka.

Leo sitawatajia modeli. Nawapa historia, kwa sababu naamini sisi Wagusii tumekuwa na mpango mzuri wa sauti nyumbani kwa miaka mingi, halafu katikati ya safari tukausahau.

Wacha nianze na besi yenyewe, maana hakuna mtu atanidanganya kwamba ilikuja na matatu. Obokano ni zeze letu kubwa la nyuzi nane. Lina bakuli la mbao lililofunikwa ngozi ya ng'ombe, na sauti yake ni nzito, ina mvumo unaousikia kifuani kabla haujafika masikioni. Wataalamu wa muziki huliita besi kubwa ya Afrika Mashariki. Kwa hivyo mzee akikwambia vijana wa leo mmeharibiwa na mdundo, mwambie kwa heshima kwamba mdundo tuliurithi. Lakini angalia obokano inapopigwa. Mpigaji anaimba. Anasifu watu, anasimulia yaliyopita, anaonya wanaoishi. Ule mvumo uko chini, maneno yako juu. Besi inabeba maneno mgongoni. Shika hiyo picha, tutaihitaji.

Halafu ikaja redio. Matangazo ya redio Kenya yalianza mwaka 1928, kwa Kiingereza, kwa ajili ya walowezi. Mwafrika alifikiriwa baadaye sana, wakati Vita vya Pili vya Dunia vilipofanya serikali ya kikoloni itake kuzungumza na familia za askari. Mwaka 1964 shirika la utangazaji likageuzwa kuwa Sauti ya Kenya, ile VOK ambayo wazee wetu huitaja kwa upendo hadi leo, na mwaka 1989 jina la KBC likarudi. Huku kwetu kituo kilichojulikana kilikuwa cha Kisumu, kilichotangaza kwa lugha za magharibi, Ekegusii ikiwemo.

Sasa fikiria redio ya betri kwenye boma la Nyamaiya au Ogembo miaka ya sabini. Betri ni pesa. Zikichoka zinaanikwa juani zipate nguvu kidogo. Kwa hivyo redio haikuwashwa ovyo. Iliwashwa wakati wa taarifa, wakati wa matangazo ya vifo, wakati wa mpira, na Jumapili kwa kipindi cha Leonard Mambo Mbotela, Je, Huu Ni Ungwana?, kilichoanza mwaka 1966. Kaspika kenyewe kalikuwa kadogo kuliko sahani ya chai, hakana besi hata ya dawa. Lakini maneno yalisikika. Mtu aliyekosa kulisikia jina la marehemu vizuri angeweza kwenda matanga ya boma lisilo lake. Kusikia neno lilikuwa jambo zito.

Televisheni ilianza kurusha matangazo Kenya mwaka 1962, lakini mashambani ilichukua muda kufika. Nyumba nyingi zilizokuwa nayo ziliiendesha kwa betri ya gari, na majirani walijaa sebuleni hadi mlangoni. Ile TV ya zamani, yenye mgongo, ilikuwa na faida moja ambayo hatukuijua: ilikuwa na nafasi. Sanduku lilikuwa pana na refu, kwa hivyo spika ilitoshea, na mara nyingi ilitazama mbele, kwa mtazamaji. Picha ilikuwa na chenga, lakini mtangazaji alikuwa anakuongelesha wewe.

Sasa tufike mwaka 2015, mwaka ambao mimi naona ulibadilisha sebule zetu kuliko mwingine wowote. Februari, mitambo ya analogi ilizimwa. Mnakumbuka, au muulize mama: Citizen, NTV na KTN zilipotea hewani kwa karibu wiki tatu katika ule mvutano, na kila mtu akaanza kutafuta king'amuzi. Mwaka huohuo mradi wa Last Mile ukaanza kusogeza stima kwenye maboma ambayo yalikuwa yakitazama nguzo zikipita tu. Familia nyingi zikaona: kama ni kuanza, tuanze na TV bapa.

TV bapa ina picha safi ajabu. Lakini spika iwekwe wapi? Spika hutoa sauti kwa kusukuma hewa, na sauti nzito huhitaji hewa nyingi zaidi. Kwenye TV nyembamba hakuna nafasi hiyo. Kwa hivyo spika ndogo huwekwa chini au nyuma, zikitazama meza au ukuta. Mtangazaji sasa anaongelesha ukuta, na wewe unasikiliza kinachorudi. Picha ilikuja mbele, sauti ikageuka nyuma.

Pengo hilo lilijazwa na wufa. Ingia maduka ya vifaa vya umeme Kisii mjini au Keroka, utazikuta zimepangwa na taa zake za rangi, zimeandikwa wati elfu kumi. Hebu tupige hesabu ya darasa la sita. Plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi ya ampia 13, na stima yetu ni volti 240. Zidisha: 3,120. Hiyo ndiyo nguvu yote ambayo soketi moja inaweza kutoa, na hicho ni kiwango cha kukaanga jiko la umeme, si cha kupiga ngoma. Wufa ya wati elfu kumi inatoa wapi hizo zingine? Haitoi popote. Hizo ni namba za PMPO, namba za tangazo. Tafuta namba ya RMS, au geuza mashine usome nyuma inatumia wati ngapi. Ikiandika 60, basi hayo mengine ni stori za jaba.

Na hapa ndipo naona tulipotea. Wufa ilirudisha ule mvumo wa obokano lakini ikamwacha mwimbaji nje. Kwa kijana kwenye esaiga yake, sawa, Ijumaa jioni inaeleweka. Lakini sebuleni kuna watu wengine. Kuna nyanya, kuna babu. Mtu akizeeka, masikio hupoteza kwanza sauti nyembamba, na huko ndiko konsonanti kama s, f na t hukaa. Ndiyo maana mzee husema, "Nasikia, lakini sielewi." Anasikia irabu, anakosa ncha za maneno. Wewe ukimwongezea besi, unamwongezea kile ambacho tayari anacho. Baada ya muda anachoka kuuliza "amesema nini?" Anaenda kulala mapema, au anarudi kwa karedio kake ka Egesa FM jikoni. Mzee ameondoka sebuleni na hakuna mtu aliyemfukuza.

Ongeza mvua. Huku kwetu mchana ukiisha vizuri bila mvua, watu hushangaa. Ikipiga mabati, kelele yake inafunika sauti ya mtu anayeongea, na besi haisaidii chochote, inapita tu ukutani kwenda kwa jirani.

Kwa hivyo, saundiba gani? Anza na ile yenye spika ya katikati. Kwenye maboksi utaona 2.0, 2.1, 3.1. Namba ya kwanza ni njia kuu za sauti, ya pili ni wufa. Ile njia ya tatu kwenye 3.1 ndiyo ya katikati, na kwenye filamu nyingi maneno ya watu hupitia hapo. Ukikosa pesa ya hiyo, 2.1 yenye kitufe cha kuongeza sauti za maneno inatosha. Pili, angalia nyuma ya TV yako kama kuna tundu la HDMI lililoandikwa ARC. Likiwepo, waya mmoja unatosha na rimoti moja inaongoza vyote, na nyanya hatahitaji kukuita kutoka Nairobi umwelekeze. Lisipokuwepo, tafuta tundu la optiko. Tatu, iweke mbele ya TV, wazi, isifunikwe na kitambaa cha maua. Kitambaa ni kizuri lakini kinameza zile konsonanti. Nne, chomoa kila kitu radi ikianza. Hili mtu wa Gucha au Borabu haelezwi mara mbili.

Na dukani, usikubali kujaribishiwa kwa ngoma ya klabu. Kila spika hupendeza ikipiga ngoma ya klabu. Mwambie muuzaji aweke taarifa ya habari, au mtu anayeongea Ekegusii haraka haraka, sauti ikiwa chini. Halafu funga macho. Kama unayashika maneno yote, lipa. Kama unashika mdundo tu, rudisha pesa mfukoni, hata kama taa zake ni za kuvutia namna gani.

Ukifika nayo nyumbani, mpe mzee rimoti kwanza.