Klabu ya Rotari ya Kampala: Kutoka Meza ya Wachache hadi Barabara ya Maelfu

Utangulizi

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Wanafunzi wetu huipenda sana methali hii katika insha zao, lakini ni nadra wajiulize swali linaloifuata: vidole vingine vinatoka wapi, na ni nani anayevikusanya? Katika makala haya tutalijadili swali hilo kwa kuangalia historia ya klabu moja ya mjini kwetu, yaani Klabu ya Rotari ya Kampala, iliyoanzishwa mwaka 1957.

Lengo letu si kuisifu klabu hii wala kuibeza. Wakazi wengi wa Kampala huiona Rotari kuwa chama cha watu wenye suti wanaokutana hotelini, na picha hiyo ina ukweli ndani yake. Hata hivyo, historia inaonyesha jambo ambalo picha hiyo inalificha: Rotari mjini Kampala imepata nguvu kila ilipowafungulia mlango watu waliokuwa nje. Mlango mmoja, kwa maoni yetu, bado haujafunguka vya kutosha. Nao ni mlango wa lugha.

Kusaidiana kabla ya klabu

Ni vyema tuanze kwa kukumbushana kwamba huduma kwa jamii haikuletwa Uganda na Rotari. Waganda wana *bulungi bwansi*, kazi ya pamoja ya kufyeka njia, kusafisha visima na kutengeneza barabara za kijiji. Wana pia vikundi vya *munno mukabi*, maana yake mwenzako katika shida, ambavyo huchanga fedha, vyombo na chakula wakati wa msiba. Huko Ankole na Kigezi kuna vyama vya *engozi*, yaani machela, ambavyo wanachama wake hupokezana kumbeba mgonjwa mabegani kuteremka milima hadi hospitalini. Jirani zetu wa Tanzania wana msaragambo, na wa Kenya wana harambee.

Vyama hivi vina sifa moja ya pamoja: anayesaidia na anayesaidiwa ni majirani. Leo unabeba machela, kesho unalazwa juu yake. Klabu ya mjini ilikuja na utaratibu tofauti, kwani iliwakusanya watu kwa kazi zao, si kwa ukoo wala kwa kijiji.

Mwanzo wake

Rotari ilizaliwa Chicago, Marekani, tarehe 23 Februari 1905, mwanasheria Paul Harris alipokutana na wenzake watatu wa kazi nyingine. Jina lenyewe linatokana na desturi yao ya kukutana kwa zamu, leo katika ofisi ya huyu, safari nyingine katika ofisi ya yule. Kila mwanachama aliwakilisha taaluma yake: daktari, mhandisi, mfanyabiashara, mwalimu. Utaratibu huo ulifika Nairobi mwaka 1930, na Kampala miaka 27 baadaye.

Kampala ya mwaka 1957 ilikuwa mji uliogawanyika. Biashara kubwa na taaluma za juu zilikuwa mikononi mwa Wazungu na Wahindi kwa sehemu kubwa. Klabu inayochagua wanachama kwa nafasi zao kazini, katika mji wa namna hiyo, haingeweza kuwa klabu ya watu wote. Miaka miwili tu baadaye, mwaka 1959, Augustine Kamya na wenzake waliongoza mgomo wa kutonunua bidhaa katika maduka ya Wahindi huko Buganda. Mgomo huo ulionyesha jinsi pengo lilivyokuwa pana kati ya waliokaa mezani na waliokuwa nje.

Wapenzi wa Kiswahili wakumbuke jambo jingine. Wakati klabu hii inaanza, Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilikuwa na makao yake hapa hapa Kampala, katika Chuo cha Makerere, ambako ilihamia kutoka Nairobi mwaka 1952. Kwa hiyo mji ulikuwa na wataalamu wa Kiswahili kilimani na klabu ya huduma katikati ya mji. Lugha ya klabu, hata hivyo, ilikuwa Kiingereza.

Miaka ya majaribu

Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wangeondoka nchini katika muda wa siku 90. Makumi ya maelfu ya watu waliondoka. Septemba mwaka huo Jaji Mkuu, Benedicto Kiwanuka, alikamatwa akiwa mahakamani na hakurudi. Mwezi uliofuata alichukuliwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere, Frank Kalimuzo, naye hakuonekana tena. Wanasheria, madaktari, wahadhiri na wafanyabiashara wengi walikimbilia ng'ambo.

Msomaji afikirie maana ya mambo hayo kwa klabu iliyojengwa juu ya watu wa taaluma. Watu wale wale ambao Rotari iliwategemea ndio waliofukuzwa, waliouawa au waliotoroka. Aidha, kukutana tu kulikuwa na hatari yake katika mji ambao makao ya wapelelezi wa serikali yalikuwa Nakasero, karibu kabisa na maofisi na mahoteli.

Pamoja na hayo klabu haikufa. Ushahidi mmoja ni mtu mmoja. Mwaka 1978, mwaka ule ule ambao vita na Tanzania vilianza, mfanyakazi wa benki aitwaye Sam Owori alijiunga na Klabu ya Rotari ya Kampala. Kwa mtu kujiunga mwaka huo, ni lazima palikuwa na watu waliokuwa bado wanakutana. Pengine huduma kubwa ya klabu katika miaka hiyo ilikuwa hiyo tu: kuweka kiti, kuita majina na kumngoja mwenzako afike.

Kukua

Owori alikuja kuwa gavana wa wilaya ya Rotari mwaka 1987. Wakati huo Uganda ilikuwa na klabu 9. Miaka 29 baadaye zilikuwa 89. Mwaka 2016 aliteuliwa kuwa rais wa Rotari ya dunia nzima kwa mwaka wa 2018 hadi 2019. Angekuwa Mwafrika wa pili kushika kiti hicho, baada ya Jonathan Majiyagbe wa Nigeria. Kwa bahati mbaya alifariki Dallas, Marekani, tarehe 13 Julai 2017, kabla ya kukikalia.

Ukuaji huo ulikuwa na sababu zake. Amani ilirejea sehemu kubwa ya nchi, na wataalamu Waafrika wakaongezeka. Vilevile, mwaka 1989 Rotari iliondoa katika katiba yake kanuni iliyowaruhusu wanaume peke yao kuwa wanachama. Vijana nao walipata nafasi kupitia Rotarakti.

Mabadiliko makubwa zaidi yalionekana barabarani. Tangu mwaka 2012 klabu za Rotari zimeandaa mbio za saratani, kwa kawaida mwezi Agosti. Mshiriki hununua fulana, hukimbia au hutembea kilomita zake, na fedha huenda kujenga kituo cha matibabu ya saratani katika Hospitali ya Nsambya, vikiwemo vyumba vya zege nene vya kuwekea mashine za mionzi. Mwaka 2016 umuhimu wa kazi hiyo ulidhihirika kwa uchungu, pale mashine pekee ya mionzi nchini, iliyokuwa Mulago, ilipoharibika kabisa. Mashine nyingine haikuanza kazi hadi mwanzoni mwa mwaka 2018. Aliyekuwa na uwezo alikwenda Nairobi au India. Asiyekuwa nao alibaki nyumbani na maumivu yake.

Ndipo maana ya mbio hizi inapojitokeza. Mwenye duka, mwanafunzi na dereva wa bodaboda hawahitaji kualikwa hotelini ili wachangie. Kwa namna fulani, klabu ya taaluma imejifunza kutoka kwa *engozi*: anayekimbia leo anajua kwamba kitanda kile kinaweza kuwa chake kesho.

Mlango wa lugha

Sasa turudi kwenye somo letu. Nsambya si mahali pageni kwa Kiswahili. Kwa miaka mingi palikuwa na makazi ya wafanyakazi wa reli na kambi ya polisi, na lugha iliyowaunganisha watu hao ilikuwa Kiswahili. Katika miaka ya karibuni, wakimbizi wengi kutoka Kongo wameishi Nsambya, Katwe na Makindye, nao hununua, husali na huugua kwa Kiswahili. Katiba ya Uganda, kwa marekebisho ya mwaka 2005, ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha utekelezaji wake. Lakini mikutano ya klabu zetu za huduma imeendelea kutawaliwa na Kiingereza, kikikolezwa na mzaha wa Kiluganda.

Jambo hili si la fahari ya lugha tu. Mama asiyeelewa swali la muuguzi kuhusu uvimbe kifuani hajahudumiwa, hata kama jengo ni zuri. Tukiwa na wanafunzi wanaojifunza tafsiri na ukalimani, tuna kitu cha kuchangia ambacho fedha hazinunui kwa urahisi. Mwanafunzi anaweza kukaa kwenye meza ya upimaji, akatafsiri maelezo ya dawa au akaandika karatasi ya ushauri kwa Kiswahili kinachoeleweka Katwe.

Hitimisho

Mwaka 2020 ilitangazwa kwamba Makerere itakuwa na Kituo cha Amani cha Rotari, cha kwanza barani Afrika, na wanafunzi wa kwanza wakaanza masomo mwaka 2021. Klabu iliyoanza katikati ya mji ikiwa imezungukwa na utengano imefika hadi kilimani kwetu. Wazungu na Wahindi waliotangulia walifuatwa na Waafrika, wanaume wakafuatwa na wanawake, wazee wakafuatwa na vijana. Ni juu yetu, walimu na wanafunzi wa Kiswahili, kutongoja mwaliko. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na safari hii mgeni awe ni lugha yetu.