Motakaa na Ulaji wa Petroli Katika Unguja

Saa za soko, magari yatokayo Fuoni, Amani na mjini hukutana penye njia panda ya Mwanakwerekwe, yakasimama huku injini zikinguruma. Hapo petroli huteketea bila ya gari kusogea hata shibiri moja. Watu husema kwamba gari fulani linakula mafuta, kana kwamba uroho ni tabia ya injini peke yake. Lakini historia ya vyombo vya Unguja yaonyesha kuwa ulaji huo hutegemea pia mzigo, mwendo na kusimama.

Kabla ya motakaa palikuwa na reli. Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alitandika reli ndogo ya kwenda Chukwani. Na mwaka 1905 gari moshi la Bububu likaanza safari zake za maili saba hivi. Lilikuwa zito, ila lilivuta watu wengi kwa moto mmoja, na gurudumu la chuma juu ya chuma hupoteza nguvu kidogo mno. Motakaa zilipozidi katika miaka ya 1920, abiria waliliacha. Na nani asingependa chombo kisichomngojesha? Lakini chombo hicho kilitaka mafuta yasiyopatikana kisiwani. Yalikuja kwa meli, mengi yake ndani ya makopo ya galani nne, na kopo lenyewe, yaani debe, likabaki kuwa kipimo cha nafaka na maji hata baada ya mafuta kuacha kuja kwa njia hiyo.

Maseremala nao wakaleta jibu lao. Walichukua lori la kigeni, wakaliundia bodi ya mbao yenye paa, na mabao ya kukalia ubavuni. Mizigo ikapanda juu. Hapana shaka gari la mbao lilikula petroli nyingi kuliko motakaa ndogo. Lakini tuseme lori hula mara tatu ya motakaa, nalo limechukua watu 24, ilhali motakaa ina mtu mmoja: kila abiria wa lori ametumia sehemu moja katika nane ya mafuta ya yule mwenye motakaa. Wanaolidharau gari la mbao kwa moshi wake hawakupiga hesabu hii.

Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilipunguza mafuta yao, na kufika Januari 1974 bei ya pipa ilikuwa imetoka dola 3 hivi na kukaribia 12. Marekani iliweka mpaka wa mwendo, maili 55 kwa saa. Tanzania Bara, mwanzoni mwa miaka ya 1980, magari ya binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili alasiri. Sheria ya Marekani ilifaa njia zao ndefu, kwani mwendo ukizidi mara mbili, upinzani wa upepo huzidi mara nne. Mwanakwerekwe hapana mwendo wa namna hiyo. Hapa mlaji mkubwa ni breki. Gari la kilo 1,000 likifikia kilomita 36 kwa saa limekusanya nguvu ya kilojuli 50, nayo yote ilitoka katika tangi. Breki ikikanyagwa, yote hugeuka joto na kupotea. Likifikia kilomita 72, hupotea 200. Tairi lililopungua upepo huongeza hasara juu ya hasara.

Madereva wa daladala wayajua haya bila ya kutaja kilojuli. Kwa desturi dereva humpelekea mwenye gari hesabu ya siku, hununua mafuta, na kinachosalia ndicho chake na konda wake. Petroli anayoipoteza ni chakula cha watoto wake. Lakini abiria naye ni fedha, na hupunga mkono kila hatua chache: kusimama kwamgharimu mafuta, kutosimama kwamgharimu nauli. Dereva mzoefu huondoa mguu mapema, akaliacha gari lijiendee lenyewe mpaka kwa abiria, ili breki isipate kazi kubwa. Katika miaka ya 2020 serikali ilianza kujenga daraja la juu pale njia panda. Daraja laweza kupunguza foleni. Lakini mwenye kapu lake la samaki kutoka sokoni hapandii gari darajani, atalisimamisha huku chini.